Kamba wa Jagi na Kiapo cha Mzee Chewa

Hapo zamani za kale, tena si kale sana jamani, umeme ulikuwepo, palikuwa na tangi la kioo kubwa kama chumba, limejaa maji ya chumvi. Sogeeni, msinisukume. Humo samaki walikaa kama watu wa mtaani: kila mtu na pango lake, na umbea wake.

Mbabe wao alikuwa Mzee Chewa. Mdomo, lo! Akipiga miayo unaona mpaka tumbo. Majirani waliobaki walikuwa wawili tu: Bi Mkunga, mrefu, maneno mengi, na Bunju, akikasirika anavimba puuu! miiba yote nje.

Asubuhi hiyo Mzee Chewa kauelekea ukuta. Hataki kumtazama mtu. Kisa? Jana kamla Kitatange. Kitatange jirani yake, aliyemwamkia kila siku! Jana kaja, "Shikamoo mzee," Chewa kafungua mdomo aitikie... hamm!

"Sikukusudia," akauambia ukuta.

"Na yule wa wiki iliyopita?" Bi Mkunga akadakia. "Naye hukukusudia? Mimi na Bunju tumepona kwa vile hatuenei mdomoni mwako, si kwa wema wako!"

Chewa akazidi kujibana ukutani. Mapezi yalimshuka.

Mara mwenye tangi akaja na jagi la kioo, la duara, akaliweka mezani kando ya tangi, akaenda kupima chumvi. Ndani ya jagi alikuwamo Kamba, mdogo kama kidole cha mwisho cha huyu aliyekaa mbele hapa.

Kamba akachungulia tangini, akauona ule mdomo. Akajisemea: "Leo nimekwisha. Nikimwagwa humo hata chini sifiki."

Sasa sikieni. Jagi la duara likijaa maji hukuza vitu. Weka sisimizi, utaona panya. Bi Mkunga akatoa kichwa pangoni.

"Mama yangu! Kamba gani huyu? Atakaa pango gani?"

Kamba akashtuka. Nani, mimi? Akajitazama miguu: nyuzi tupu. Akalitazama jagi. Ahaa! Akatunisha kifua, akakoroma: "Nani mkubwa humo? Ajitokeze!"

Chewa akageuka, macho yakamtoka. "Mi... mimi. Karibu, ndugu yangu."

"Undugu baadaye. Kwa mdomo huo, bila shaka humu watu wanakula majirani."

Chewa akatazama mchanga.

"Ni kweli," akasema. "Naona haya hata kulitamka."

"Basi nipime. Fungua mdomo, ionekane kama naenea au sienei."

Chewa akaubandika mdomo wote kwenye kioo. Kamba akajinyoosha, akalijaza jagi zima.

"Haenei!" Bunju akapiga kelele.

"Umesikia? Haya, apa mbele ya hawa. Mimi ni jirani yako, hunili leo wala kesho."

"Naapa! Nikikula, nisionyeshe uso wangu tena tangini humu." Chewa aliapa kwa moyo mweupe. Alijisemea, afadhali huyu, hata nikijisahau hamezeki.

Mwenye tangi akarudi, akalimimina jagi. Chubwi!

Kikaelea kidudu, chembamba, ndevu mbili ndefu.

"Yuko wapi yule mkubwa?" Chewa akauliza.

"Ndiye mimi, mzee."

Hamm!

Weee! Bi Mkunga akasogea taratibu.

"Mzee Chewa, hizo ndevu mdomoni zimeota lini?"

"Mmmh," Chewa akasema. Angesema nini, na mdomo umejaa?

"Si umeapa sasa hivi? Hata maji hayajatulia!" Bunju akaanza kuvimba. Puuu!

Chewa akatamani mchanga umfukie. Akafumba macho, akafungua mdomo polepole. Kamba akatoka. Akamtazama yule mzee: dume zima, machozi yanamlengalenga. Akapaza sauti.

"Makelele ya nini? Nimemwomba mwenyewe anifungulie. Meno yake yana uchafu, na kazi yangu ni kusafisha meno. Na sijamaliza. Mzee, fungua!"

Bunju akanywea, fyuuu.

Chewa akamwinamia Kamba, akamnong'oneza: "Kwa nini umenifichia? Nilitaka kukumeza kweli."

"Najua, mzee. Na mimi nimekudanganya urefu wangu. Fungua basi, watu wanatuangalia."

Tangu siku ile Kamba huingia kinywani mwa Mzee Chewa kila asubuhi, anachokoa meno, anatoka mzima. Chewa hutulia tuli, macho kayafumba. Watu wakipita husema anasikia raha. Si raha, jamani. Ni haya.

Haya basi, hadithi yangu nimeitema: ukienda kukaa na mwenye mdomo mkubwa, mwapishe mbele za watu kabla hujahamia.