Mtoto Aliyetoka Udongoni

Wenye masikio na wasogee. Wenye majibu ya haraka na wayabane kwanza, maana hadithi hii ina watu watatu na jina moja, na jina halikatwi vipande kama muwa.

Katika kijiji kimoja cha milimani, huko Upare, aliishi Zaina. Yeye alipalilia karibu kila shamba la jirani, na migomba ya watu aliijua kama wengine wanavyozijua nyuso. Aliishi pia Mzee Mchome, mtu wa maneno machache, asiyerudi nyuma akishasema. Yeye na mkewe Yunisi hawakujaliwa mtoto. Na kule bondeni, barabara mpya ilikokuwa ikichongwa, alikuwepo Sefue, dereva wa buldoza. Wenzake walisukuma udongo, Sefue aliupeleka. Alipopita yeye, hapakuwa na kazi ya kurudia.

Na alikuwepo Bibi Nakijwa, ambaye hadithi hii ni mzigo wake. Binti yake wa pekee, Namkunda, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na kitovu cha mtoto kilikuwa bado hakijadondoka. Kwa desturi yao, mtoto hapewi jina kabla ya hapo. Na mtoto aliyeponyoka kifo huitwa jina la aliyemrudisha duniani, awe mwanamume au mwanamke. Atamtunza mtu huyo uzeeni, na siku ya kumzika ndiye atakayetupa udongo wa kwanza kaburini.

Mvua ilinyesha mfululizo, kisha asubuhi moja mlima ukakatika. Bibi Nakijwa alikuwa mashineni, akisaga unga wa uji wa mzazi. Aliporudi, hapakuwa na nyumba. Palikuwa na udongo mwekundu, unaofuka mvuke.

"Hapa!" alipiga kelele. "Mlango ulikuwa hapa!"

Watu wakachimba alipoonyesha. Wakachimba mpaka mipini ikavunjika, wasione hata kipande cha bati. Maskini bibi, alikuwa akiwaonyesha mahali nyumba ilipokuwa jana.

Zaina ndiye aliyetazama mbali zaidi, chini ya mteremko. Alikimbia juu ya udongo ambao ulikuwa bado unatambaa, huku watu wakimwita arudi.

"Bibi, migomba hii ni yako!" aliita. "Huu si ule uliopinda, wa nyuma ya jiko? Kama migomba imehama, na nyumba imehama nayo!"

Akalala kifudifudi, akabandika sikio. Mtoto alikuwa akilia. Wakati huohuo jiwe liliporomoka likamvunja mguu. Hakukubali kubebwa mpaka fimbo ilipochomekwa pale aliposikia sauti. Mguu ule haukunyooka tena.

Sefue alipanda na buldoza bila kumwomba mtu ruhusa. Msimamizi alimfuata akihema. "Ukiigusa mashine hiyo, kesho usije kazini!"

"Basi sitakuja," Sefue alijibu, na kweli hakurudi kazini tena.

Aliutazama udongo, akautazama mteremko. "Nikiutupa pembeni, utarudi shimoni," alisema. "Nikiupandisha, jioni itanikuta, na mtoto hatafika jioni. Nitakata mfereji mmoja, niuteremshe wote humo. Kingo zitauzuia usimwagike, na mteremko utanisaidia kusukuma. Ila lazima umwagikie pale chini. Pale pana nini?"

Watu wakamgeukia Mzee Mchome.

"Pale ni kwangu," alisema Mzee Mchome. "Yunisi yumo."

"Umemsikia, mzee?"

"Nimeita sana. Hajajibu."

"Nikiumwaga pale, hatutamfikia leo. Wala kesho."

Mzee Mchome aligeuka kuitazama ile fimbo. "Huyu analia," alisema. "Sukuma."

Bibi Nakijwa alisikia kila neno. Angeweza kusema ngoja, mwite tena mara moja. Hakusema. Alitaka mjukuu wake, akanyamaza.

Sefue akashusha bledi, lile bapa la chuma la mbele. Alijaza, akateremsha, akarudi kinyumenyume kwa njia ileile, akajaza tena. Kila safari mfereji ulizidi kuwa na kingo, na kila safari ulibeba zaidi. Hakupoteza hatua hata moja. Paa lilipokwaruza chuma alizima mashine, akashuka, akachimba kwa vidole pamoja na wengine. Walimkuta Namkunda amepiga magoti, mgongo umebeba boriti. Alikuwa amekufa. Chini ya kifua chake mtoto alikuwa akipumua.

Bibi Nakijwa alicheka na kulia kwa pumzi moja, na hajui hadi leo kipi kilianza.

Yunisi alifukuliwa baadaye, baada ya kazi ndefu. Wanawake wakamwosha, na kazi ya kuosha mikono ikamwangukia Bibi Nakijwa. Kucha zilikuwa zimevunjika zote, na ndani yake mlikuwa na udongo. Labda Yunisi alichakura mara moja tu mlima ulipomfunika. Labda alichakura asubuhi nzima, akiisikia buldoza juu yake. Bibi alizisafisha kucha zile moja moja, akafunika mikono, hakumwambia mtu.

Kitovu kilipodondoka, kijiji kikakusanyika. Wengine walisema, "Bila Zaina, tungechimba pasipo mtu." Wengine, "Bila Sefue, tungejua alipo na tusimfikie." Wengine, "Bila Mchome, Sefue angetupa wapi udongo?" Zaina aliketi, mguu ule ameulaza mbele yake. Sefue alikuwa amevua kofia, macho chini. Wote wawili hawakudai kitu.

Mzee Mchome alisogea, akampa mtoto kidole, mtoto akakishika.

"Mama," alimwambia Bibi Nakijwa kwa sauti ya chini, "wewe ndiye uliyemwosha Yunisi. Alikuwa ametulia?"

"Alikuwa ametulia, baba," alijibu. "Kama mtu aliyelala."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akashusha pumzi, akarudi kuketi. Bibi Nakijwa alimwinua mtoto juu ya mikono yake. Moyoni mwake majina hayakuwa tena matatu. La nne lilikuwa la yule ambaye hakuulizwa. Lakini akilitamka hilo, kila mtu atauliza Yunisi alimfanyia nini mtoto huyu, na Mchome ataelewa.

Mtoto anangoja jina. Wewe uliyekaa hapo mbele, nawe wa nyuma unayefuta macho: je, mngekuwa ninyi Bibi Nakijwa, mngemwita nani?