Mjane Aliyekataa Kuapa Ghalani

Wewe uliyekwisha kunja uso kabla kisa hakijaanza, ukunjue. Ukiambiwa mtu alihangaika ili apewe, unasadiki mara moja. Ukiambiwa alihangaika ili aache kupewa, unacheka na kumtazama jirani yako. Uongo wa sokoni unaumeza bila maji, lakini habari ya mja mwema unataka uletewe mashahidi. Basi sikiliza, na ukishindwa kuamini, nyamaza.

Waliotutangulia katika dini wametuhadithia ya kuwa katika mji mmoja wa bara, zama za maliwali wachamungu, paliishi mjane aitwaye Raihana, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mumewe alifukiwa na kisima alichokuwa akikichimba, akamwachia binti mmoja, Lubaba, na nyumba ambayo mvua ikinyesha nje hunyesha na ndani. Liwali wa mji ule alikuwa ametenga katika baitulmali mafungu ya nafaka kwa ajili ya nyumba za mafukara. Kila Alhamisi wenye mafungu walikwenda ghalani, wakapanga safu juani, wakapimiwa mtama.

Jambo lile lilikuwa jema, ila lilikuwa na masharti yake. Mafungu hayakuongezwa, nyumba mpya haikuingia mpaka nyingine itoke. Tena hakuna aliyepimiwa kabla hajaweka mkono juu ya gunia na kusema, "Wallahi, nyumbani kwangu leo hakuna chakula kingine."

Raihana aliapa hivyo miaka mingi, na kila alipoapa ilikuwa kweli. Msidhani kupewa ni kazi nyepesi. Kusimama kwenye safu ya sadaka kunachosha kuliko kulima, maana anayelima hakuna anayemkodolea macho. Alizoea, akazeeka pale pale juani.

Ikawa Lubaba amepata kazi ya kusokota sufu kwa wafumaji, akawa anarudi jioni na unga kwenye ncha ya shuka, na siku nyingine na kipande cha nyama. Alhamisi iliyofuata Raihana alifika mbele ya gunia, akainua mkono, kisha akaurudisha ndani ya shuka lake.

"Leo siapi," alimwambia msimamizi wa ghala, jina lake Dhakwani. "Nyumbani kuna unga. Fungu langu mpe jirani yangu, Umaima. Mumewe amepooza, na watoto wake wanalala na maji tu."

Dhakwani hakuwa mtu mbaya, kwa jinsi wasimamizi walivyo. "Bibi, usinichekeshe nikiwa kazini. Umaima hana fungu."

"Ndiyo maana nampa langu."

"Fungu si shuka, useme unavua umvike mwenzako. Usipoapa, mtama unarudi ghalani. Anayetoka hapa hutoka kwa kufa au kwa kuhama. Je, umekufa?"

"Bado kidogo."

"Umehama?"

"Nihamie wapi na magoti haya?"

"Basi apa, chukua, umpelekee huyo jirani yako. Nani atakuuliza?"

Mwanamke aliyekuwa nyuma yake akasema, "Mwacheni. Ameona mafuta juu ya mchuzi mara mbili, keshajiona tajiri." Safu ikacheka, hata waliokuwa mbali wasiosikia.

Raihana alilitazama lile gunia. Mtama ulikuwa pale, na watoto wenye njaa walikuwa mtaa wa pili, na kati yao palikuwa na maneno machache tu ya kutamka. Alijua anayemtaja Mola wake kwa uongo leo kwa ajili ya njaa ya watoto, kesho atamtaja kwa ajili ya kitoweo. Akageuka, akaenda zake mikono mitupu.

Umaima alikuwa akimngoja mlangoni. Aliposimuliwa yaliyotokea, akasema, "Kwa hiyo wanangu walale njaa, Mama Lubaba, ili ulimi wako ubaki safi."

 Raihana aliugawa unga wa Lubaba nusu kwa nusu, akampelekea. Akafanya hivyo kila siku, na nyumba zote mbili zikawa zinakula bila kushiba.

"Mama," Lubaba alimwambia jioni moja, akikwangua sufuria, "tulitoka kwenye ufukara kwa muda gani? Maana naona tumesharudi."

"Kula, ulale," alisema mamaye.

Raihana akaenda kwenye baraza la kadhi, aombe atolewe katika mafungu. Bawabu akamwambia alete mashahidi waadilifu watakaoapa kwamba yeye si fukara. Akarudi mtaani kuwatafuta. Mtu wa kwanza aliitazama nyumba yake, akalitazama paa, akasema, "Mama, niape kwamba wewe si fukara? Unataka niingie motoni kwa ajili ya paa hili?" Wengine nao wakasema vivyo hivyo, na baadhi yao hawakutumia adabu hiyo.

Ikawa kila Alhamisi anakwenda ghalani, anasimama juani, anafika mbele ya gunia, anakataa kuapa, anarudi. Asingekwenda, wangesema mgonjwa, wangemwekea fungu lake mpaka apate nafuu. Watu wakampachika jina la Tajiri. Na siku zote nyingine alikaa chini nje ya baraza la kadhi, mgongo ukutani, akisubiri mtu amsikilize. Alichoka uchovu ambao usingizi hauuondoi. Wala hakujiona mja mwema. Alijiona mwanamke mwenye magoti mabovu anayetaka jambo moja lifanyike.

Mpaka siku moja kadhi mwenyewe, Sheikh Haritha, alitoka barazani akiwa hoi kwa kesi za watu, akamkuta.

"Una shauri gani, mama?"

"Nataka kutoka katika fungu la mafukara, sheikh. Nimeshindwa."

"Nani anakuzuia?"

"Watu wako wote."

Kadhi akaketi kizingitini, akaagiza Dhakwani aitwe. Alipokuja, akamuuliza, "Huyu mama alipotakiwa kuapa kwamba hana chakula, alisemaje?"

"Alikataa, sheikh. Kila Alhamisi anakuja kukataa."

"Mbele yako?"

"Mbele yangu na mbele ya safu nzima. Wanamwita Tajiri."

Kadhi alijifuta uso kwa kilemba. "Katika baraza hili mtu akitakiwa kiapo akakikataa, tunamhukumu kwa kukataa kwake. Tunawanyang'anya watu mashamba na ngamia kwa hukumu hiyo. Huyu anatuletea ushahidi wake kila wiki, nasi tunamwambia akatafute ushahidi." Kisha akasema, "Nyumba yake imetoka. Nyumba ya Umaima iingie leo."

Akamgeukia Raihana. "Mama, Ijumaa uje usimame mbele ya watu, wakuone wapate mazingatio."

"Sheikh," alisema, "nimesimama vya kutosha. Nataka kukaa."

Zingatieni hapo, enyi waumini. Wako watu wanaomwomba Mola riziki pana, naye akiwapa hawaachi kunyoosha mkono kwenye riziki ya wenzao. Kutosheka hakusemwi kwa mdomo tu. Kuna mtu nyuma yako anasubiri uondoke.

Basi ilikuwa desturi kwamba nyumba mpya hupelekewa mtama wake wa kwanza mlangoni, msimamizi ajionee jiko kwa macho yake, na mwenye nyumba aape hapo hapo. Jioni ile Dhakwani alipolitua gunia kwa Umaima, Raihana naye alikuwa mle ndani. Alikuwa ametangulia na bakuli la uji, kama alivyozoea. Bakuli lilikuwa kando ya jiko linatoa mvuke, na watoto walikuwa wamelizunguka wakisubiri lipoe.

Umaima akaweka mkono juu ya gunia. "Wallahi," akasema, "nyumbani kwangu leo hakuna..." Macho yake yakaangukia lile bakuli. 

Dhakwani naye aliliona. Akainua uso, akaanza kuikagua dari. "Endelea tu, bibi," alisema. "Sote tumechoka."

Raihana akashika ukuta, akajiinua juu ya magoti yake. Akaliokota bakuli katikati ya watoto.

"Uji huu ni wangu," alisema. "Sijatamka kuwa nimempa mtu."

"Mama Lubaba," Umaima alisema polepole, "hata leo?"

"Leo hasa. Apa vizuri, uwapikie."

Akatoka na bakuli lake, akaufunga mlango.