Mfalme wa Chuma Mlangoni

Katika mahubiri ya leo sina mkulima wala mbegu, msitafute jembe. Nina mfalme wa chuma. Vijana waliokaa viti vya nyuma wanaosoma vile vitabu vya vyombo vya angani watanielewa upesi. Ninyi wazee nivumilieni, nitakwenda polepole.

Ni miaka mingi mno mbele yetu. Vitukuu wa vitukuu wetu wameshahama dunia hii, wamejenga kwenye sayari ndogo huko mbali. Wanafuga mbuzi, wanapika chai, wanasengenyana. Watu ni watu. Na kuna desturi moja waliibeba kutoka huku, hawakuiacha njiani: hodi. Mgeni anabisha hodi, mwenyeji anajibu karibu. Asiyebisha hafunguliwi. Tena kumfungulia mtu ambaye hajabisha ilikuwa aibu kwao, kana kwamba ulikuwa umekaa unamchungulia.

Basi, siku moja chombo kikashuka, kikamwacha mmoja uwanjani, kikaondoka zake. Hakuwa mtu kama sisi. Alikuwa mashine, chuma tupu kuanzia utosi hadi nyayo, na hakutengenezwa na mwanadamu yeyote. Kwao alikuwa mfalme. Alitawala nyota saba kwa miaka elfu kumi, mpaka raia wake wakamchoka, wakamfukuza. Habari zake zilikuwa zimeshamtangulia, kila nyumba ilijua ni nani.

Shida ya sayari ile ni mvua yake. Wewe na mimi ikitupata itatuwasha tu, tutajipaka mafuta yaishe. Lakini chuma inakila, kama maji ya betri yanavyokula shati. Na asubuhi ile wingu lilikuwa limeshatanda. Mfalme akatembea mpaka nyumba ya kwanza, akasimama mbele ya mlango. Akanyamaza.

Ndani walikuwamo mume na mke, wanakunywa chai. Matone yakaanza.

"Baba watoto," mke akasema, "yule bwana amesimama mlangoni kwetu."

"Namwona. Kwani amebisha hodi?"

"Hajabisha. Lakini mvua hii itammaliza."

"Mdomo anao. Miaka elfu kumi anaamuru watu, leo neno moja dogo linamshinda? Akihitaji atasema."

Niambieni, mume amekosea wapi? Mimi ningesema hivyohivyo. Nanyi mngesema, nawajua.

Kufikia saa sita mchana mkono wa kushoto wa mfalme ulikuwa umedondoka. Mke akainuka, akaenda akashika komeo.

"Mama yangu hakunifundisha kumtazama mtu anakwisha," akasema.

"Na alikufundisha kumfungulia asiyebisha? Umwingize na kiburi chake hicho, kesho atakaa kwenye kiti changu, sisi tutumwe maji. Mwache ajifunze adabu."

Mke akalia. Lakini komeo akaliachia, akarudi kukaa. Chai yake hakuimaliza.

Mvua ikakatika saa kumi. Walipotoka walimkuta ameanguka kifudifudi, kichwa kimeelekea mlango. Majirani wakaja, wakatazama, wakasema kiburi si maungwana. Na hapa ninawaona ninyi pia mnatikisa vichwa. Ngojeni.

Akaitwa fundi redio aangalie kama ndani ya chuma kile kuna kinachofaa. Akafungua kifua, akakuta kisanduku cha kuhifadhi sauti. Akabonyeza. Kikasema, kwa Kiswahili cha kueleweka kabisa, na msiniulize alijifunza wapi:

"Kwetu nikitamka neno, wote lazima watii. Hata nikiomba, ni amri. Siku moja nilisema tu kwamba kelele zimezidi, na mji mzima ukajizima, wadogo kwa wakubwa, haukuwaka tena. Ndipo nikaapa: sitamwambia tena kiumbe yeyote nifanyie hiki. Hapa nimeona mlango, na walio ndani wananiona. Wakifungua, wafungue kwa kupenda kwao. Nawasubiri."

Jamani! Alikuwa anawasubiri. Mke alikaa chini kwenye matope yaleyale, akapiga ukelele.

Najua mlivyokuwa mmejipanga. Mlidhani nitafunga na kiburi cha wafalme, tuseme amina, twende tukale. Kiburi kilikuwepo kweli, lakini kilikuwa ndani ya nyumba, kimekaa mezani, na kilikuwa kinafuata desturi vizuri kabisa. Ni nani hapa aliyejifananisha na yule mfalme? Afute wazo hilo. Sisi ndio tuliokuwa tunakunywa chai.

Yuko dada mmoja aliyekuwa akiimba kwenye kwaya yetu, sauti ya pili. Simtaji jina. Tangu mwanawe afungwe hajakanyaga hapa, miezi minne sasa. Tunapishana naye sokoni, anainamisha kichwa, anapita. Nasi tunasema anaringa siku hizi. Tunasema kanisa liko wazi, akihitaji atasema. Wazee wa kanisa wamesema hivyo. Na mimi mchungaji wenu nimesema, nimekaa kwenye kochi langu, nimeshiba.

Kwa nini amenyamaza? Hatujui. Pengine ni aibu. Pengine anaona akifungua mdomo atatubebesha mzigo wake, na hataki. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza. Na Bwana wetu angengoja sisi tumwite kwanza ndipo aje, nani kati yetu angekuwa ameokoka leo?

Nyumba yake ni ya tatu ukishapita mashine ya kusaga. Nimeipita jana, nikiwa na haraka ya kuja kuandaa mahubiri haya. Mke wangu, chukua kanga yako, tunakwenda sasa hivi. Wimbo wa kufunga mtauimba bila mimi.