Kikao cha Kuwajibika kwenye Ghala la Asali

Nimekuja na uongo!
— Tuuonje!
Mkavu au wa mchuzi?
— Wa mchuzi!
Haya, kaeni vizuri. Na wewe kule nyuma, acha kusinzia.

Hapo zamani Tembo alikuwa na ghala la asali, na msimamizi wake alikuwa Fisi. Wanyama wadogo wanarina asali, wanajaza vibuyu, wanapeleka ghalani. Fisi anafunga mlango, kacha! Asali inaingia, asali inapungua. Inaingia, inapungua.

Fisi akaitisha kikao, midomo inamng'aa. Akasema shida ya kazi hii ni watu kutowajibika. Tangu leo, asali ikipungua, lazima mmoja asimame, ajipige kifua, pu! pu! pu!, aseme, "Ni mimi." Na chakula chake cha mchana atakula msimamizi, apate nguvu za kusimamia.

Kobe akasimama, pu! pu! pu!, ni mimi. Fisi akala chakula cha Kobe. Asali ikapungua. Kanga akasimama, pu! pu! pu!, ni mimi. Fisi akala chakula cha Kanga. Asali ikapungua. Fisi akanenepa mpaka mlango wa ghala ukawa unambana, na yeye akatangaza kwamba matokeo yameanza kuonekana. Shika adabu yako, usicheke.

Ikafika zamu ya Nguchiro, mama mwenye wachanga shimoni. Safari hii Tembo anakuja kukagua, kwa hiyo Fisi akasema atakayewajibika atafukuzwa, yeye na wanawe, na kiangazi ndicho hicho kimeingia. Nguchiro akajiuliza. Aende wapi na watoto ambao hata macho hawajafumbua? Akalia weee, kisha akajifuta machozi, akaanza kuwaza. Huyu Fisi anakula asali, anakula na chakula cha watu. Kuna kitu cha mwenzake atakachokiona asikitamani?

Tembo akaja, ndi! ndi! ndi! Fisi hajafungua mdomo, Nguchiro akapiga goti.

"Shikamoo, mzee. Kabla ya lawama tuanze na pongezi. Naomba umpongeze Kobe, ndiye anayeingia kupanga vibuyu. Na Kanga, ndiye anayeshika ufunguo."

Tembo akafurahi, akasema watunza ghala atawapa mzinga mzima wa nyuki, uwe mali yao. Fisi mate yakamdondoka. Mzinga mzima, apewe Kobe?

"Anakudanganya huyu, mzee," akasema. "Kobe hajawahi kukanyaga humo. Kanga huo ufunguo hata haujui. Uko shingoni kwangu usiku na mchana."

"Hakuna mwingine anayeingia?"

"Hata sisimizi. Ni mimi." Akajipiga kifua, pu! pu! pu!

"Basi fungua niione kazi yako."

Kacha! Vibuyu vitupu, vimerambwa mpaka ndani. Nguchiro akauliza kwa adabu kama kikao kitaendelea. Tembo akasema hakuna haja, mhusika ameshajitaja. Akamkamata Fisi kwa mkonga, akamrusha ng'ambo ya mto, puu! Nguchiro akarudi shimoni kunyonyesha wanawe.

Sasa funzo, na wakubwa wa kazi mnisikilize. Kuwajibika ni jambo jema mno, kwa hiyo wafundisheni walio chini yenu. Nyinyi wenyewe msijisumbue. Ila mkisikia hamu ya kusifiwa, kwanza chungulieni ghalani.

Ngano imekwisha. Kama ilikuwa tamu, ni kazi yangu. Kama ilikuwa chungu, itisheni kikao, atafutwe wa kuwajibika.