Maksai Aliyeikosa Nira

Ndama akipona, mzee hachapwi. Shangazi yenu kaisema methali hiyo leo mlipomharakisha babu yenu avae viatu, mkidai eti kijana aliyeanguka naye kwenye pikipiki keshaanza kucheza mpira. Mkacheka. Haya, chekeni mmalize, kisha msikie ilikotoka.

Usukumani alikuwako mkulima aitwaye Lutonja. Mwisho wa kiangazi upepo uliangusha boriti ya banda lake, ikampiga kichwani maksai wake mzee, Sultani, pamoja na ndama aliyelala ubavuni pake. Wote wawili waliamka wakipepesuka, shingo kombo, wakizungukia upande mmoja. Mvua za kwanza ziliponyesha, ndama alikuwa akirukaruka malishoni. Sultani bado alizunguka.

Ikafika zamu ya Lutonja kulimiwa. Majirani walikuja na majembe yao ya kukokotwa, naye akamfunga Sultani nirani pamoja na maksai mwingine. Mzee akavuta kushoto, akamburuta mwenzake hadi kwenye mihogo ya watu. Watu wakaangua kicheko.

“Baba Shija, mwache,” mkewe Minza alisema. “Kichwa hakijamtulia.”

“Mbona cha ndama kimetulia? Si boriti ni ile ile?”

“Cha ndama bado kinakua, kitajitafutia njia nyingine. Huyu njia zake ni zile alizozizoea.”

“Huyu kazeeka na uvivu wake!”

Akamfungua ili amchape vizuri. Alimchapa mpaka akapiga magoti, na kicheko kikakoma.

Sultani akainuka taratibu. Hakukimbia. Alikwenda hadi kwenye nira, upande wa kulia alikofanyia kazi maisha yake yote, akainamisha shingo ili aingie. Akaikosa. Alikuwa ameinamia hewa tupu kando ya nira, akasimama vivyo hivyo akingoja kufungwa, ngozi ya mgongo ikimtetemeka.

Fimbo ikamtoka Lutonja mkononi. Aliona haya, wanangu, haya ya kutamani ardhi ipasuke. Alikuwa amemchapa anayejitahidi. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Akamshika Sultani pembe na kumwongoza nyumbani polepole, uso chini, shamba likabaki halijalimwa.

Njiani walipishana na mzee mmoja aliyemuuliza kulikoni. Lutonja alijibu bila kuinua macho:

“Ndama akipona, mzee hachapwi.”