Kiti Kimoja Uwanja wa Mbugani

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana waliokuwepo bado wanabishana, kulikuwa na kijiji cha Ng'walogo, kwenye mbuga ya udongo mweusi. Wakati wa masika udongo huo ulinata kama ugali mbichi. Ndege ya daktari ikitua uwanjani, magurudumu yanazama. Lami? Bei yake ingemaliza ng'ombe wote. Kokoto? Mlima wenye mawe ulikuwa mbali mno. Wazee wakatangaza: "Atakayeufanya uwanja ubebe ndege wakati wa mvua, kiti kimoja cha kwenda hospitali ya mjini ni chake!"

Kijana mmoja, Wande, akaruka. Mama yake alikuwa anapofuka, na daktari alishasema masika yale yakipita, macho hayatatibika tena.

"Tutandaze udongo wa kichuguu!" akasema. "Si ndio tunaosakafia viwanja vya kupuria mtama?"

Vichuguu vilikuwa kwa Shija, vikubwa kama nyumba. Mafuriko yakija, familia yake hupanda huko. Shija akakuna kichwa. "Haya, chukueni."

Udongo ukasombwa kwa mikokoteni, ukatandazwa. Laini! Mashine ya kushindilia hakuna. Ndipo Limi, manju wa ngoma, akaalika makundi mawili yasiyopatana. "Mshindi leo ni atakayeacha ardhi ngumu zaidi!"

Wee! Ngoma zikalia, vumbi likapanda.

"Nyie mnakanyaga au mnapapasa?"

"Njoo uone kwetu, mguu wako utadunda!"

Uwanja ukawa sakafu. Limi aliongoza mpaka goti likafyatuka.

Masika yakaja, ndege ikaja. Ikagusa, ikakimbia, ikasimama! Vigelegele!

"Kiti ni changu," akasema Mwenyekiti wa kijiji, begi mkononi. "Nilisimamia kazi."

"Chini ya mwavuli, na soda!" Wande akawaka. "Hata viatu vyako havijui rangi ya kichuguu!"

Watu wakamzomea, akarudi na begi lake. Wande akamshika mama yake mkono. "Bila wazo langu, leo mngekuwa mnasukuma ndege kwenye tope."

"Na bila vichuguu vyangu?" akasema Shija. "Juzi maji yalikuja, hatukuwa na pa kupanda. Ukuta ukamwangukia mke wangu, ukamvunja mkono. Mkono ule usipotengenezwa sasa, haunyooki tena."

"Udongo wenu ulikuwa unga!" Limi akajikongoja mbele. "Nani aliugeuza uwanja? Goti hili! Nikibaki hivi sichezi tena, na ngoma ndiyo inayowalisha wanangu."

 Wande akamtazama mke wa Shija, mkono umefungwa kwa kanga, akakumbuka ni nani aliyesema vichuguu vichimbwe.

"Vipi, mwanangu?" akauliza mama yake. "Tumeshapanda?"

"Mmoja tu!" rubani akapiga kelele. "Mvua ile inakuja!"

Mlango uko wazi, jamani, na nyie mnaosikiliza mna midomo. Semeni basi: nani alistahili kupanda?