Wadhamini Watatu wa Gapi wa Bi Kidawa

Hapo zamani, wala si zamani zile ambazo wanyama walisema, bali zamani za juzijuzi tu, umeme upo na unakatika, palikuwa na jumba la ghorofa tatu lililopakwa rangi ya kijani. Jumba hilo lilikuwa na desturi yake. Mpangaji mpya akija, haulizwi yeye ni nani. Huulizwa mdhamini wake ni nani. Ukidhaminiwa na mtu mzito, unaingia na vyombo vyako siku hiyohiyo, hata kama ni mwizi. Ukikosa mdhamini, unaweza kuwa malaika na ukalala nje na mabawa yako. Na ukishaingia, unakaa mwaka mzima huna kura wala neno kikaoni. Tulikuwa na msemo wetu: mgeni haulizwi, huulizwa mdhamini wake. Tuliupenda sana, maana ulituondolea kazi ya kufikiri.

Nasema "tulikuwa" kwa sababu nami nilikuwamo. Katibu wa kamati nilikuwa mimi. Daftari la kumbukumbu ninalo mpaka leo, na kila ninapolifungua naona haya.

Chini, penye mlango mkubwa, lilikaa tangi la kioo la Bi Kidawa, mkunga mstaafu na mjane. Ndani mlikuwa na gapi, vile visamaki visivyozidi kidole gumba, majike yake ya kijivu yasiyo na makuu, madume yake yenye mikia mipana kama kanga iliyoanikwa penye upepo. Marehemu mumewe, Bwana Mbaruku, aliwazalisha kwa miaka kumi na miwili, akichagua huyu na kumtenga yule, mpaka akaupata mkia aliokuwa akiuwazia: manjano, na madoa meusi ukingoni. Mjini pote hakuna mwingine aliyekuwa nao. Alipoupata, akaufurahia miezi mitatu, akafa.

Bi Kidawa mwenyewe hakuwahi kuuona sawasawa. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili, na gapi wa mumewe aliwajua kama ukungu wa manjano unaopita. Basi siku ya kwenda kupasuliwa jicho la kwanza ikafika, akatuita sote mlangoni.

"Wanangu," akasema, "nakwenda mwezi mmoja. Nikirudi, cha kwanza ninachotaka kukiona ni mikia ya Mbaruku. Tangi ni kubwa, mkitaka waongezeeni wenzao wa kukaa nao. Lakini mchague."

Mchague. Hakuongeza neno. Tukaitikia kwa pamoja, naye akapanda teksi, na vumbi la teksi halijatua kamati ilikuwa imeshaundwa.

Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Shekiondo, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa tai hata kwenye joto, na meno ya bandia meupe kuliko ya mtoto. Kikao cha kwanza kilichukua saa tatu. Saa mbili zilikwenda kwenye suala la nani akae kwenye kiti chenye mgongo. Ya tatu ndiyo tukawataja samaki.

Hapo akanyanyua mkono Ngianasia, mpangaji wa miezi minne. Binti huyu alikuwa akifanya kazi kwenye duka la samaki wa mapambo, na katika jumba zima ndiye peke yake aliyejua samaki nje ya sufuria. Mwalimu akamkumbusha kwamba hajatimiza mwaka. Ngianasia akasema hata hivyo, kwa sauti ya chini, akitazama sakafu.

"Gapi anataka mwenzake mpole, mwenye kinywa kidogo, asiyegombana na mikia ya watu."

Mwalimu akanigeukia, akaniambia hilo nisiliandike. Sikuliandika. Ngianasia akakaa, na hakusema tena. Barua ya mdhamini wake ilikuwa bado inangoja sahihi ya Mwalimu, na nadhani alijiambia kwamba mikia si yake, ila chumba ni chake.

Mwenza wa kwanza aliletwa na Mwalimu mwenyewe. Alikuwa samaki wa zambarau, mapezi yake yanaburuzika kama joho la mahafali, wanamwita mpiganaji. Dukani alikuwa amewekwa peke yake kwenye chupa, kama mfungwa, wala hakuna aliyeuliza alifungwa kwa kosa gani. Tukauliza mdhamini wake ni nani. Tukaambiwa ni Mwalimu Shekiondo. Basi, mgeni haulizwi, huulizwa mdhamini wake. Mikono juu. Wangu pia.

Mwenza wa pili aliletwa na Mama Tumsifu, fundi cherehani wa ghorofa ya pili. Alikuwa perege mdogo kutoka bwawani, urefu wa kidole. Mama Tumsifu akatuambia kwamba maskini ni yatima. Alisema hivyo akimtazama kwa huruma, lakini mkono wake mmoja ulikuwa kama unapima nazi ya kumpikia. Tukauliza mdhamini ni nani. Ni Mama Tumsifu, aliyewashonea sare watoto wote wa jumba. Nani angempinga? Mgeni haulizwi, huulizwa mdhamini wake. Mikono juu.

Wiki ya kwanza, mpiganaji akawaona madume ya gapi na mikia yao ya manjano, akadhani ni wenye majoho wenzake waliokuja kumnyang'anya cheo. Akaanza kuwararua mikia mmoja baada ya mwingine. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na chetu kilivaa joho kabisa. Kamati ikakaa. Ikaazimia, na hapa nasoma nilivyoandika: "Madume ya gapi yanachokoza kwa kuonyesha mikia."

Wiki ya pili, yatima akanenepa. Gapi mwenye mkia uliochanika haogelei mbio, na perege ana kinywa kinachokua kila alfajiri. Walikuwa ishirini na wawili, wakawa kumi, wakawa wanne. Kamati ikakaa. Nikaandika: "Idadi imepungua, hivyo nafasi imeongezeka."

Wiki ya tatu umeme ukakatika siku mbili. Pampu ya hewa ikanyamaza, na samaki wote wakapanda juu wakihema. Kamati ikakaa kujadili jenereta. Mama Tumsifu hakuja kikaoni. Aliteremsha cherehani yake ya miguu mpaka mlangoni, akafunga pampu ya baiskeli kwenye pedeli, akaingiza mpira ndani ya tangi, akaanza kukanyaga. Alikanyaga siku mbili. Tulipompelekea chai aliinywa akikanyaga. Umeme uliporudi miguu yake ilikuwa imevimba mpaka viatu vikakataa, na samaki wote waliokuwa wamebaki walikuwa hai.

Waliobaki lakini ni wangapi? Mpiganaji, perege, na gapi mmoja tu. Jike. Mpiganaji hakumgusa kwa sababu hakuwa na mkia wa kuonewa wivu. Tumbo lake lilikuwa limejaa. Na gapi jike, wajuzi wanasema, akishapandwa huweza kuzaa hata miezi baada ya dume lake kufa. Kwa hiyo Mbaruku na miaka yake kumi na miwili walikuwa wamebaki ndani ya tumbo lile, na perege alikuwa akilizunguka.

Alasiri moja, kamati ikiwa juu inajadili upungufu wa gapi, Ngianasia akashuka na chujio la chai. Akamchota yule jike, akamtia kwenye chupa pana ya achari aliyoiosha vizuri, akamficha dirishani kwake, nyuma ya pazia. Hakumwambia mtu. Sisi tulipoteremka tukakuta hayupo. Nikaandika: "Gapi wa mwisho ameondoka bila kutoa taarifa."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Jumamosi Mwalimu Shekiondo alikuwa akipita kwenye korido kukagua, kama kawaida yake, nani anapikia umeme kwa siri. Akafika kwenye dirisha la Ngianasia, mwenyewe yuko kazini. Pazia lilipeperuka. Akaona chupa, na ndani ya chupa jike amezaa muda uleule. Watoto walikuwa wembamba kama kope. Na mama yao alikuwa akigeuka na kuwameza, maana gapi hamjui mwanawe. Kinachopita mbele ya mdomo ni chakula.

Kwa sheria za jumba, samaki asiye na mdhamini alitakiwa kuondolewa. Sheria hiyo aliitunga Mwalimu mwenyewe. Lakini alikwenda mbio chumbani kwake, mzee yule wa tai, akarudi na glasi ya kuwekea meno yake, akapitisha mkono dirishani, akawachota watoto kwa kijiko, mmoja mmoja. Aliwapata saba. Akawaficha chumbani kwake na hakumwambia mtu. Meno akayafunga kwenye leso kwa kukosa glasi, akasahau, akayakalia, yakavunjika. Siku zile vikao vyetu vilikuwa vifupi na vitamu, na sisi tukadhani mwenyekiti amepata unyenyekevu.

Ngianasia aliporudi akakuta tumbo la jike limeshuka na chupa haina mtoto. Akaamini mama amewala wote. Siku ya pili mama akafa. Ngianasia akalia kitandani, peke yake, na siku ile hata kazini hakwenda.

Ndipo Bi Kidawa akarudi. Akashuka na miwani myeusi, hakusalimia mtu, akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Akavua miwani. Akainama. Ndani mlikuwa na perege wa kiganja kizima, na mpiganaji amejitanda na joho lake.

"Hii ndiyo mikia ya Mbaruku?"

Mimi nilijifanya natafuta kalamu. Kisha Mwalimu Shekiondo akapanda ngazi polepole, akashuka na glasi, akamkabidhi kwa mikono miwili. Ngianasia alipoona kilichomo, akakaa chini palepale. Bi Kidawa akaiinua glasi kwenye mwanga. Watoto saba, macho meusi na mwili kama maji.

"Manjano yako wapi?" akauliza.

"Shikamoo, Bibi," akasema Ngianasia kutoka pale chini. "Mikia bado. Hutoka baada ya wiki sita, saba. Na hatujui kama itatoka kama ile."

Bi Kidawa akalia, tena kwa jicho lilelile alilokatazwa na daktari kulilia. Hapo ndipo ukweli wote ulipotoka, kila mtu kipande chake, na mimi nikasomeshwa daftari lote kwa sauti. Sijapata kusoma kitu kirefu namna ile. Alipokwisha kusikia, akajifuta.

"Jumatatu narudi kwa jicho la pili," akasema. "Miezi miwili. Safari hii sitaki kamati. Nataka mtu mmoja wa kunilelea hawa mpaka mikia itoke, na mwenza wao amchague yeye. Nani?"

Mama Tumsifu akasimama kwanza, miguu bado imefungwa vitambaa. Akasema bila miguu yake mama yao angekufa kwa kukosa hewa, na asingekuwapo wa kuchotwa wala wa kuzaa. Wapangaji wakamjibu kwamba aliyewala wengine alikuwa perege wake, na katika zile siku mbili hakuna ajuaye kama alikuwa akiokoa gapi au akiokoa kitoweo. Mama Tumsifu hakukataa. Alisema alianza kwa ajili ya kitoweo, na siku ya pili alikuwa amesahau kitoweo.

Mwalimu akasema, kwa fizi tupu, kwamba bila glasi yake wangekuwa tumboni mwa mama yao, na kwamba ameivunja sheria yake mwenyewe, jambo ambalo hajapata kulifanya tangu azaliwe. Wakamjibu kwamba mpiganaji ni wake, na mdomo uliomnyamazisha Ngianasia ni wake.

Ngianasia akasema bila chujio lake mama yao angekuwa ndani ya perege, na kati ya wote hapa yeye peke yake ndiye anayejua gapi wanakaa na nani. Hapo Mama Tumsifu akamgeukia.

"Sisi hatukujua, mwanangu. Wewe ulijua. Wiki tatu unapita hapa asubuhi na jioni, unawahesabu wanavyokwisha."

"Nilisema. Mlikataa kuandika."

"Ulisema mara moja."

Wapangaji wakagawanyika sehemu tatu, ghorofa dhidi ya ghorofa, na wengine wakapendekeza iundwe kamati. Bi Kidawa akawatazama mmoja mmoja kwa jicho lake jipya, glasi mkononi, na vile visamaki saba vikizunguka mahali ambapo zamani yalikaa meno.

Nimewasimulia kila kitu, hata aibu yangu. Mmoja aliwapumulisha baada ya kuwaletea mlaji. Mmoja aliwakinga na mama yao baada ya kuwaletea adui. Mmoja aliwaokoa kwa siri baada ya kuwanyamazia kifo. Sasa jibuni ninyi. Lakini aanze yule aliyehamia hapa jana, asiye na mwaka wala mdhamini. Kalamu ninayo, na leo naandika. Je, nani alistahili kukabidhiwa ile glasi?